Ua la Manjano Ulilokataa Kulitaja

Mama Achieng' wa upande wa pili wa bati,

Sijui kama huko uliko barua zinafika. Padri anasema wafu wetu wanasikia maombi, lakini kuhusu barua hajasema kitu. Naandika tu. Kaburi lako liko kwenu, upande wa ziwa, na mimi nilikatazwa kulikaribia, kwa hiyo hata udongo wa kukutupia sikuupata. Wenzetu wa jumuiya walipanda basi la mazishi wamejifunga leso za sare, mimi nikabaki hapa Silanga, Kibera, nikinyunyizia mboga maji kama mtu asiye na msiba.

Nina hasira nawe. Nalitanguliza hilo kwa sababu wewe hukupenda mtu wa kuzunguka. Ulikuwa na neno moja la kusema, akili zako zikiwa timamu, na watu wa kukusikia wamesimama pembeni ya kitanda. Hukulisema. Ukafa nalo, na mimi ndiye nimekuwa nikiishi nalo.

Na bado nakukumbuka vizuri, hilo ndilo linaniudhi zaidi. Ulihamia nyumba ya pili na yangu ukiwa na Achieng' tumboni, na kati yetu bati moja tu. Nilikusikia ukiimba, nikakusikia ukigombana na Baba Achieng' kuhusu redio, lakini hatukuwa tumesalimiana. Siku moja ukagonga bati kwa mwiko: "Jirani! Hiyo maharagwe yako inaungua!" Ilikuwa inaungua kweli, mimi nimesinzia juu ya ndoo. Nikatoka nje nikakuta umesimama mlangoni, tumbo mbele, unacheka. "Sasa mtakula nini? Ingia kwangu."

Kwako siku hiyo kulikuwa na ugali na mitoo, mboga chungu ya kwenu. Ukanifunulia bakuli, na katikati ya yale majani yaliyopikwa nikaona ua moja dogo la manjano limeponyoka lisitolewe. Nikalijua. Kwetu Kitui ua hilo lina mdomo kama kichwa cha ndege mdogo, na marehemu baba akilikuta malishoni alikuwa akiling'oa na mizizi yake, kwa sababu mbuzi akilizoea anakonda, anazubaa, halafu unamkuta amelala asubuhi na haamki. Sisi watoto tulikuwa tunaruhusiwa maganda yake tu, yakishakauka, tunayatikisa yanalia kama kayamba. Kula? Nani?

Nikakurudishia bakuli. "Mama, kwani nimekukosea nini?"

Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Yawa! Wakamba mnaogopa mboga? Sisi tumekula hii kabla ya kuota meno, na bado tuko hapa Nairobi tunawasumbua."

Kesho yake ulikuja na tawi bichi kutoka sokoni, ukaniketisha, ukanifundisha. Jani la mitoo ni jembamba na refu, matatu pamoja, na ukilipitisha kidoleni ni laini kama limepakwa mafuta. Ganda lake nalo laini. Ukaniambia ziko nyingine zinafanana nayo, hata kwenu ziko, na si za kula. "Ni ndugu wa tumbo moja," ukasema. "Mmoja padri, mwingine mwizi. Sura moja." Nimelifikiria neno lako hilo mara nyingi kuliko unavyodhani. Mwizi wa kwenu ulimjua. Mwizi wa Nairobi hukuwahi kujulishwa, na ulidhani kwa kuwa humjui basi hayupo.

Nilikula mitoo yako hatimaye, ile uliyoilaza na maziwa na kuichemsha tena siku ya pili, nikaupenda ule uchungu wake. Nikaipanda kwenye shamba langu dogo kando ya dam, lile bwawa ambalo watu huyasema maji yake, katikati ya sukuma na managu, na wateja wangu wa kwanza wa mitoo uliniletea wewe mwenyewe, unawavuta kwa mkono: "Njooni kwa huyu Mkamba wetu, amefundishwa na mimi." Achieng' alipozaliwa ukanichagua niwe mama wake wa ubatizo. Dada zako walinuna. Ukawaambia, "Huyu ndiye atamsikia akilia usiku, nyinyi mko mbali."

Nikamsikia, kweli. Kila akilia.

Baba Achieng' alipofariki, shemeji yako akakutafutia chumba karibu naye kule Kawangware. Siku mlipobeba vitu nilikaa ndani sikutoka, kwa sababu sikutaka uone uso wangu. Lakini hukuacha kanisa letu. Na ukaanzisha ile safari yetu ya Jumamosi, ya kuchuma maua ya altare. Wewe ukitoka Kawangware kwa miguu, mimi nikipanda kutoka Silanga, napita Olympic, tunakutana pale msitu unapoanza, tunaifuata ile njia nyembamba ya wanawake wa kuni. Kanisa letu halina bajeti ya maua ya dukani. Lilikuwa na sisi.

Hapo ndipo nilipokupenda kabisa. Sikuwahi kukuambia, na leo siyo siku nzuri ya kuambiwa, lakini ni kweli. Mimi nilikuwa najua kuchunga mbuzi, wewe ulijua kila kitu kinachoingia kwenye sufuria, na kati yetu wawili hakuna ua la njia ile lililotushinda. Yale ya rangi ya chungwa yanayokaa kwenye shina kama mipira iliyotungwa: tulijifunza kwamba yako ya aina mbili, moja mipira yake ina miiba ya kuchoma, nyingine jani lake ni laini kama sikio la sungura. Ile ya miiba ilimtoa damu mama wa sakristia, akasema tunamfanyia vita. Yale ya zambarau yenye manyoya: moja ukiliponda linanuka kama beberu, na kama uliliweka altareni padri alikuwa anahubiri kwa haraka. Lingine halinuki kitu. Kwa macho ni pacha. Ulikuwa unayanusa moja moja kwa ule uso wako wa kupima samaki: "Huyu abaki. Huyu ana dhambi."

Na yale ya manjano yanayofanana na alizeti iliyokatazwa kukua. Lenye jani la kukwaruza kama msasa lilikaa majini mpaka Jumatatu, lenye jani laini liliangusha nguo zake zote kabla ya misa ya kwanza. Ulisema ni kama wanaume wa Kawangware. Nikakuambia wa Kibera pia. Tulikaa njiani tukicheka hadi yule mzee wa kuni akatupita akitikisa kichwa, na wewe ukamwambia, "Baba, tuombee."

Sasa nifike pale.

Ilikuwa baada ya mvua ndefu, msitu umejaa. Tulikuwa tumeshajaza kiondo changu maua. Tukafika kwenye ule uwazi ambapo miti ilikatwa, na pale palikuwa pamejaa lile ua lenye mdomo wa ndege, manjano matupu, yamepanda hadi kiunoni. Ukapiga makofi.

"Angalia baraka ya Mungu! Mitoo imejiotea yenyewe. Hakuna mtu ameinyunyizia maji ya dam."

Neno lile la dam nililisikia, nikalimeza. Nikashika tawi. "Mama Achieng', hii siyo."

"Siyo nini?"

"Siyo mitoo. Geuza jani. Chini lina manyoya kama panya. Na ni pana kidogo, ona. Hii ni ile ya mbuzi."

"Mbuzi wa Kitui," ukasema, huku unavunja. Mkono wako ulikuwa umeshaanza, ule mkono wako wa vidole viwili na kuzungusha.

"Na ganda je? Shika ganda. Lina ndevu."

"Hapa ni msituni, Mama Kyalo. Hata wewe ukikaa hapa mwezi utaota ndevu."

Nikacheka, nakiri, kwa sababu ulikuwa unajua kunichekesha. Lakini nikakushika mkono. "Wacha. Haki ya Mungu, wacha. Mbuzi wa baba walikufa na hii."

Ndipo ulipobadilika. Ulininyang'anya mkono wako. "Leo Mkamba atanifundisha mitoo? Wewe uliyekimbia bakuli? Kesho utanifundisha kukaanga samaki." Na hapo hapo ukaongeza, "Sema tu ukweli. Unaogopa nikichuma bure nitaacha kununua kwako."

Mama Achieng'. Mboga zangu nilikuwa nakupa.

Niliondoka. Niliyabeba maua peke yangu hadi kanisani, nikayapanga peke yangu, na Jumapili ukanisalimia kwa ncha za vidole kama mtu anayeogopa kuchafuka. Jumamosi iliyofuata hukuja pale tunapokutana. Nilikusubiri. Nikaambiwa baadaye ulikuwa unapita asubuhi zaidi, na mfuko. Nilijiambia utarudi tu, sisi si watu wa kukosana kwa majani. Nilikuombea. Kila rozari nilikuweka kwenye fumbo la kwanza, ili nisichoke kabla sijafika kwako.

Halafu nikasikia umelazwa.

Nilikuja nimebeba uji kwenye chupa. Nilipokuona nilishika ukingo wa kitanda. Macho yako yalikuwa manjano, tumbo limejaa maji, mikono imebaki mifupa. Ulinitazama, ukasema, "Umekuja." Nikasema, "Ningeenda wapi?" Ulishika kidole changu kimoja. Kwa ule muda mfupi nilifikiri yameisha, na kama dunia ingesimama hapo nisingekuwa na barua ya kukuandikia.

Shemeji yako alikuwepo, na dada yako mmoja, na Achieng' kwenye dirisha. Daktari akaingia, kijana mpole. Akasema ini limeharibika, na si jambo la siku moja. Akauliza, pole pole, kama umekuwa ukitumia dawa ya kienyeji, au mboga za porini, kwa sababu ziko zinazokula ini kidogo kidogo bila mtu kujua. Uliyasikia yote. Kichwa chako kiligeuka.

Shemeji yako ndiye alijibu. "Mboga? Mboga ananunua kwa huyu." Akaninyooshea mkono. "Huyu hapa. Za Silanga, za yale maji machafu."

Daktari akakugeukia wewe. "Mama, ni kweli?"

Nilikutazama. Wewe ulinitazama. Hukuwa na usingizi, hukuwa na homa ya kuchanganya maneno, dakika chache nyuma ulikuwa umemwambia Achieng' afunge ile sweta yake vizuri. Nikaona midomo yako inafunguka. Nikasema moyoni, sasa. Na ukasema, "Naomba maji."

Nikakupa maji. Ni mimi niliyekushikia kikombe.

Nje kwenye korido nilimwambia shemeji yako ukweli, kwamba ulikuwa unachuma mwenyewe msituni, kwamba nilikukataza. Akaniangalia kama kitu kilichokwama kwenye kiatu. "Mgonjwa hawezi kujitetea, na wewe unamsingizia mlangoni pake? Usirudi hapa." Nilirudi. Mlinzi alikuwa ameshaambiwa jina langu.

Ukafariki wiki hiyo hiyo.

Unataka kujua yaliyofuata? Nitakuambia, maana wewe uliyakwepa. Nilisikia mwanamke kwenye kibanda changu mwenyewe akimvuta mwenzake: "Hapo usinunue. Hiyo ndiyo mboga ya dam iliyomaliza yule mama wa Kawangware." Hakunong'ona hata. Watoto wa ploti wakanipa jina, Mama Sumu, na Kyalo wangu akapigana kwa sababu yake akavunjwa jino. Mitoo ikanizeekea shambani ikatoa maganda, kwa sababu watu wenu ndio walikuwa wanainunua na watu wenu ndio waliokimbia. Kanisani mwenyekiti wa akina mama akanishika bega, sauti tamu: "Mama Kyalo, kwa sasa tuachie maua. Pumzika kidogo." Kupumzika. Nimechoka kupumzika.

Yote hayo ningeyabeba. Mtu aliyesulubiwa katikati ya wezi hakuwa ameiba kitu, na mimi ni nani. Lakini Achieng' alianza kukaa upande wa pili wa kanisa. Wakati wa kupeana amani, niligeuka nikanyoosha mkono, yeye akainama kufunga kamba ya kiatu. Viatu vyake havikuwa na kamba. Huyo mtoto alijifunza kutembea akishika sketi yangu, Mama Achieng'. Nilimfundisha ishara ya msalaba na alikuwa anaanzia kwenye pua.

Wiki iliyopita amekuja. Nilikuwa nafunga mafungu ya sukuma, nikaona kivuli kimesimama.

"Sasa, Mama Kyalo." Zamani alikuwa ananiita Mama, basi.

"Poa, mwanangu. Karibu, keti."

"Nitasimama tu." Amerefuka, ana shingo yako. "Ni padri amenituma. Kipaimara ni Jumapili ijayo. Amesema ni lazima unisimamie wewe. Nilimuomba anibadilishie akakataa. Akasema mama wa ubatizo si line ya simu."

"Na wewe mwenyewe unataka?"

"Mimi nataka tu hiyo kipaimara iishe."

Nikamwambia nitasimama. Ila unajua desturi yetu: anayepata kipaimara, mama yake ndiye huleta maua ya siku hiyo. Nikamwambia, "Huna mama wa kukuletea. Jumamosi njoo twende tuchume, uyabebe mwenyewe." Alifikiria sana, akiangalia simu. Mwisho akasema, "Sawa. Lakini sikuji kupiga stori."

Leo Jumamosi, asubuhi, tulienda. Sikumtegea, Mungu anajua. Njia ni ile ile, mimi sikuihamisha. Alitembea mbele yangu, waya wa simu kwenye sikio moja, lile lingine ameliacha wazi, na hapo nilipata tumaini dogo. Nikamwonyesha la msasa na lile laini. Nikamwambia anuse ya zambarau, akanusa ile ya beberu, akaruka: "Ai! Mama Kyalo, hii ni nini!" Akacheka kabla hajakumbuka kwamba amekasirika. Tukaendelea.

Tukafika kwenye uwazi. Yalikuwepo, yamejaa kama mwaka ule.

"Waah! Mitoo ya mama!" Akaacha maua chini, akaingia katikati, akaanza kuvunja ncha. Vidole viwili na kuzungusha. Nilisimama nikiona mkono wako kwenye mwili mwingine. "Tulikuwa tunakuja hapa na yeye, kabla hajagonjeka. Alikuwa anasema hii ndiyo safi, haijaona maji ya dam. Ile yako aliacha kuchukua kitambo."

"Aliacha lini?" nikamuuliza.

"Si tangu mkosane. Hata hakutaka kuisikia. Alikuwa anakula hii tu, karibu kila si..."

Mkono ukabaki hewani na majani yake.

Alikuwa anahesabu peke yake, nikamwacha. Kisha nikauliza lile nililoliogopa. "Na wewe, ulikuwa unakula?"

"Mimi? Zi. Ni chungu. Mimi nilikuwa nakaanga yai."

Nilimshukuru Mungu kwa kuku.

"Mama Kyalo, mbona unaniuliza hivyo?"

"Geuza jani, mwanangu. Pitisha kidole chini."

Akapitisha. Yeye ndiye hununua mboga nyumbani kwa shemeji yako siku hizi, mitoo ya sokoni anaijua kwa mkono. Akapitisha tena. "Ina manyoya." Akashika ganda, akaliachia haraka. "Ya soko haina."

"Haina."

"Kwa hivyo ni hii."

"Mimi si daktari."

"Mama Kyalo. Ni hii?"

"Nilimwambia mamako siyo mitoo. Tukiwa hapa hapa. Akasema Mkamba hawezi kumfundisha mboga."

Aliyatupa majani, akajifuta viganja kwenye suruali, akafuta tena, kama havitaki kuwa safi. "Na hospitali? Daktari alipouliza? Mimi nilikuwa kwa dirisha. Nilimwona akikuangalia. Mbona hakusema?"

Jibu hukuniachia. Wewe ndiye unalo.

Akauliza, "Nimwambie baba mdogo?" Najua ungetaka niseme hapana. Najua mwanamke mtakatifu angesema, achana nayo, Mungu ameona. Mimi nikamwambia, "Mpigie." Nimesubiri jambo hilo, Mama Achieng'. Nimelisubiri kama mvua.

Akapiga, akaweka sauti nje. Akamweleza yote, sauti ikikatika. Shemeji yako akasema, "Achieng', mama yako amelala. Unataka watu waseme alijimaliza mwenyewe kwa ubishi? Huyo mwanamke amekulisha maneno."

"Hajanilisha kitu. Nimechuma mimi mwenyewe."

"Sikiza. Akisimama huyo Jumapili, mimi sikuji. Na dada za mamako hawakuji."

Nilinyoosha mkono nichukue simu, niseme basi, atafutwe mtu mwingine, mtoto asipoteze ukoo kwa sababu yangu. Akanigeuzia mgongo.

"Basi msikuje, baba mdogo."

Simu ikakatwa, sijui na nani. Alikaa pale pale chini, kwenye njia, juu ya baadhi ya maua tuliyochuma, akalia. Nikakaa karibu naye. Yeye alilia vyake na mimi nikalia vyangu. Sikumshika mpaka aliponiegemea mwenyewe.

Nimejaribu kukutetea, usidhani sikujaribu. Nimejiambia labda ulikuwa na aibu, kushindwa na mimi kwa mboga ya kwenu. Labda hukutaka Achieng' ajue kwamba alikuwa amekushikia mfuko. Labda ulifikiri utapona, utoke, uje kugonga bati langu tuyamalize kimya kimya. La pili ndilo linalonikasirisha zaidi. Kama ulinyamaza kumlinda mtoto, basi tazama: ni mtoto ndiye amelisema. Uliogopa kulisema kitandani ukiwa umezungukwa na watu wanaokupenda, yeye amelisema akiwa njiani peke yake, na aliyepaswa kumfariji akamtishia.

Hilo la maji niliyokupa, na hayo maneno uliyoniambia kuhusu kununua, hayo ningeyasamehe polepole. Hili la Achieng' bado. Tukisali Baba Yetu kanisani, nikifika pale pa kusamehe waliotukosea nanyamaza, nawaacha wenzangu wapite, halafu nadakia mbele kwenye majaribu. Padri amenigundua, nafikiri. Alinitazama. Nimemwambia Mungu kwamba nitafika, asinikimbize. Yeye ana muda kuliko mimi.

Na nakukosa. Ningependa isingekuwa hivyo. Ningependa kukuchukia kwa utaratibu, kama watu wengine wanavyoweza. Jana nimeona mwanamke akinusa samaki kwa ule uso, nikageuka kukuambia.

Kesho Jumapili nitavaa ile leso ya sare ambayo sikuivaa kwenye mazishi yako. Askofu atakapofika mbele yetu nitaweka mkono wangu wa kulia kwenye bega la Achieng', na akiuliza jina la mtoto nitalitaja kwa sauti itakayofika mpaka viti vya mwisho, vikiwa na watu wenu au vikiwa vitupu. Nitabonyeza bega lake asitetemeke. Kwa neno lako moja ningeifanya kazi hiyo kwa furaha. Sasa nitaifanya vizuri tu.

Lala. Sisemi kwa amani. Hiyo anaigawa Mungu, na yangu haijafika bado nikakumegea.

Mama wa ubatizo wa mtoto wako,
Mama Kyalo
Silanga